Bustani Yangu Haipuliziwi

9 Februari

Kwa Kitindamimba wetu,

Salamu kwako, kwa wifi yangu na kwa wanangu wote wawili. Mimi sijambo. Mgongo ndio una maneno yake asubuhi, lakini nikishauegemeza kwenye fremu ya mlango na kuunyoosha, unanyamaza. Kazi ipo. Wiki hii nimeshona mashati ya wahudumu wa hoteli, kola zote ni zile ngumu zinazovunja sindano. Mwambie binti yako gauni lake nimeshalikata, limebaki kutiwa mikono. Aache kurefuka kwanza, cherehani haikimbii kama yeye. Jirani yetu Karani amestaafu. Sasa anashinda uani kwake anapunguza nyasi kwa mkasi, ule ule wa ofisini, sikutanii. Anasema uwanja wake utakuwa zulia.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Dereva wa lori amenifikishia mzigo wako: galoni mbili za dawa ya magugu, umezifunga vizuri kwenye gunia. Ahsante kwa kunifikiria. Ila nakuambia mapema tusije tukakosana: sitaitumia. Kitu chenye picha ya fuvu la kichwa sikiweki karibu na mchicha ninaoutia mdomoni. Galoni nimezifungia bandani, na ufunguo ninao mimi.

Usidhani nimeshindwa na magugu. Nina dawa zangu, zote zimetoka jikoni. Kwenye kijia cha matofali, pale majani yanapochungulia kati ya tofali na tofali, namwaga maji yanayochemka moja kwa moja kutoka kwenye birika. Yanalegea hapo hapo kama mtu aliyeletewa habari mbaya. Yale machanga ya pembeni nayanyunyizia siki, nimeichanganya na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo ili ishike kwenye jani isiteleze. Chupa ni ile ninayonyunyizia nguo nikipiga pasi. Saa sita mchana, jua likiwa kali, ndiyo saa yake. Na katikati ya matuta natandaza maboksi ya dukani, nayalowesha, juu nafunika kwa majani makavu. Gugu lisiloona jua litakula nini?

Jambo moja tu. Kile kikaratasi ulichokiweka ndani ya gunia nimekisoma mara mbili tatu. Wewe ulikuwa na mwandiko ambao mwalimu aliubandika ukutani. Siku hizi herufi zako zinatembea kama zimelewa. Una nini? Usinijibu kwa simu. Kwenye simu unacheka, nami nakuamini. Niandikie.

Dada yako mkubwa


3 Machi

Dada Mkubwa, shikamoo.

Sisi wote wazima. Wifi yako anakusalimu, ameanza kuuza vitafunwa nje ya shule na anarudi na ndoo tupu kila siku, kwa hiyo siku hizi ananiambia nimwombe ruhusa kabla ya kuketi kiti cha mbele pale sebuleni. Binti anasema atajaribu kutorefuka. Mdogo wake ameng'oka meno mawili, anacheka mdomo wazi ili watu wote waone.

Kazini nimepandishwa. Sasa mimi ndiye kiongozi wa chumba cha kuchanganyia, wenzangu wanne wako chini yangu, akiwemo yule mrefu tunayemwita Bubu kwa kuwa anaweza kumaliza wiki bila kufungua mdomo. Dawa inakuja kwenye mapipa ikiwa nzito kama asali, sisi tunaipunguza makali na kuijaza kwenye galoni. Kwa hiyo dawa unayoifungia bandani, dada yangu, mimi ndiye mpishi wake. Na wewe unapika magugu kwa birika! Nimewasomea wenzangu, wamecheka mpaka Tai akaja kuuliza kuna nini. Tai ndiye msimamizi wetu. Hajawahi kuonekana bila tai shingoni, hata siku umeme ulipokatika tukaloa jasho wote.

Sikukatazi siki yako. Lakini kwangu usijidanganye. Pale nyuma una ndago, nilizikuta mwenyewe mwaka jana. Siki itaunguza jani la juu, na chini kokwa zake zitakuwa zinacheka. Wiki mbili zinarudi, na wewe unarudi kuinama. Mwaka jana ulivyoinama hukuinuka, ukawapimia wateja nguo ukiwa umelala chali. Nani alinipigia akilia? Karani. Nina dada mmoja tu. Tumia dawa, ulale.

Mwandiko ni basi. Niliandika nikiwa nimesimama ndani ya basi.

Mdogo wako


28 Machi

Kitindamimba,

Nimepokea barua, nimefurahi kwa meno ya mtoto na kwa ndoo tupu za wifi. Mwambie kiti cha mbele asikiachie. Hongera ya cheo. Mama angekuwepo angepita nyumba kwa nyumba kutangaza, na Karani angefungua dirisha ili asikie mara ya pili.

Sasa vita. Kijia cha matofali ni changu kabisa, hakuna kinachoota, na mguu unapita bila kushikwa. Yale machanga, siki ikiyakuta saa sita, jioni yamekuwa rangi ya chai. Maboksi nayo yamefanya kazi: nimefunua moja jana, chini yake udongo umelainika, minyoo wamejaa, na gugu hakuna hata la kuonyesha wageni. Vitunguu mwaka huu havikuniridhisha, tuachane navyo.

Kuhusu ndago, ulisema kweli, na sitakuambia mara mbili. Zilirudi. Moja ilitoboa boksi ikatokea juu kama sindano. Lakini mimi sikai nikaziangalia. Nimeacha kuzinyunyizia, nazichimba kwa ile koleo ndogo, natoa kokwa moja moja na kuzitia kwenye ndoo, kisha nazichemsha ili zisije zikafufuka jalalani. Ikichipua tena nakata, ikichipua tena nakata. Nayo ina akiba yake huko chini, lakini akiba ya nani haiishi ikichotwa kila siku? Siinami siku hizi. Nimejitengenezea mto wa magoti kwa vipande vya koti, nakaa chini kama mtoto na kazi inakwenda.

Dereva wa lori alikunywa chai hapa. Amesema alipokupa lile furushi la gauni ulilipokea kwa viwiko. Alinionyesha, hivi, kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Nikamuuliza kwa nini, akaomba sukari. Sasa nakuuliza wewe. Mtu mwenye mikono anapokea furushi kwa viwiko kwa sababu gani?

Dada yako


20 Aprili

Dada Mkubwa, shikamoo.

Hatujambo. Gauni limemkaa binti vizuri mno, amelivaa hadi kitandani.

Dereva ana mdomo. Na kwa kuwa ana mdomo, ameniletea na ya kwako. Nasikia ulimwaga chumvi pembeni mwa uzio, chumvi ya kilo, si ya kijiko, mvua ikaja ikaisomba yote mpaka kwenye tuta la vitunguu, na sasa pale pamebaki kama kipara cha mjomba. "Havikuniridhisha"! Dada, vitunguu ulivikaanga vikiwa bado udongoni. Nimecheka mpaka wifi yako akaniletea maji.

Viwiko ni kifuniko cha pipa, kilinibana kidogo. Kimeshapona.

Sina mengi. Kuhusu ndago usihangaike tena, nimeshaongea na mtu.

Mdogo wako


14 Mei

Kwako,

Hamjambo wote. Salamu zimeishia hapo.

Jana nilitoka kwenda kumpima bibi harusi na wapambe wake. Nimerudi alasiri, nafungua geti la nyuma, nakutana na harufu iliyonikamata kooni. Karani yuko katikati ya bustani yangu, bomba mgongoni, amekunja suruali mpaka magotini, anapulizia. Galoni yenye fuvu iko wazi kwenye kijia.

Nikamwambia, "Wewe! Unafanya nini humu?"

Akageuka anatabasamu kama amenichotea maji. "Nakusaidia, jirani. Nimebakiza huku kwa nyanya tu."

"Nani kakuomba?"

"Ndugu yako. Amenitumia dawa na dereva, na maelezo kwa simu. Alisema nisubiri utoke."

Nisubiri utoke. Hayo maneno nimeyarudia usiku kucha.

Sikumpigia kelele. Nilimvua lile bomba mgongoni kwa mikono yangu, nikamwagia mtungi mzima wa maji miguuni mwake maana dawa ilikuwa inamchuruzika, nikamwonyesha geti. Leo asubuhi nyanya zimejikunja kama karatasi iliyotupwa motoni. Mchicha wote chali. Hata ule mche wa ndimu nilioukuza kwenye kopo umeanza kudondosha majani. Ndago zimekauka pia, ndiyo. Kila kitu kimekauka, na wewe hilo unaliita ushindi.

Sikiliza vizuri. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne nilipokubeba mgongoni. Nimefiwa na mume, nimezikwa kwa maneno ya ndugu zake, na hii nyumba nimeishikilia kwa sindano na uzi. Hakuna mtu, awe mdogo wangu, awe jirani, awe daktari, anayesubiri nitoke ili anifanyie wema. Mtu akitaka kunifanyia wema aje kwa geti la mbele, nimkatalie usoni. Bustani hii ni yangu. Nikitaka kuichemsha nitaichemsha, nikitaka kuiharibu kwa chumvi nitaiharibu mwenyewe. Lakini haipuliziwi.

Galoni zote tatu, mbili zangu na hiyo ya Karani, nakurudishia na lori hili hili. Zimwage unakojua.

Na viwiko hujanijibu. Kifuniko cha pipa mwambie mtoto aliyeng'oka meno.

Dada yako


11 Juni

Kitindamimba,

Karibu mwezi sasa sijapata neno kutoka kwako. Lori limekuja na kurudi, dereva anasema nyumbani kwako alimkuta wifi tu, na wifi alipokea galoni bila kumtazama usoni. Hata chai alimpa baridi. Nikapiga simu, nikavunja sheria yangu mwenyewe. Wifi akasema umelala. Saa kumi jioni.

Nilikuwa nimepanga ninune hadi mwisho wa mwaka. Siwezi. Nikwambie kwa nini.

Asubuhi ya pili baada ya yale mambo, Karani alikuja kwa geti la mbele. Alikuwa ameshika mikono yake juu, mbali na nguo. Ile dawa hakuipunguza makali, alidhani ikiwa nzito ndiyo itaua haraka, na aliimimina mikono mitupu. Vidole vimevimba, ngozi inabanduka kwenye viganja kama ganda la kitunguu. Alikuja kuniomba msamaha, na akaniomba nimfungulie kifuniko cha chupa ya dawa ya kupaka kwa sababu hawezi. Nikaifungua. Nikampaka. Na nilipokuwa nampaka, mdogo wangu, nikasahau nyanya. Niliitazama ile mikono nikakuona wewe. Nikauona mwandiko wako. Nikaviona viwiko.

Karani aliishika dawa hii kwa alasiri moja. Wewe unaishika tangu lini?

Sikugombezi. Nimeweka chini koleo, nimeweka chini hasira. Nijibu tu. Kama huwezi kuandika, mtu mwingine ashike kalamu, wewe useme.

Dada yako

Karani amepona, isipokuwa ukucha wa kidole gumba. Anakuja kila jioni na jembe lake kunisaidia kugeuza udongo. Tunatandaza maboksi upya. Haongei sana.


30 Juni

Dada Mkubwa, shikamoo.

Anayeandika ni wifi yako, mimi nasema. Nimemwambia aandike kila kitu kama nilivyokisema, na asiongeze.

Tangu mwaka juzi. Kilianza kama muwasho. Kisha kucha zikaanza kugeuka rangi, zikalegea, mbili zikatoka zenyewe kama vibandiko. Mwanzoni tulipewa glovu jozi moja kila mtu. Zangu zilichanika kabla ya mvua. Tukaenda kwa Tai, akasema zinakuja. Tukaenda tena, akasema zinakuja. Bubu akawa anavaa mifuko ya mkate. Dirisha la chumba limezibwa kwa sababu mvuke wa dawa uliwakera watu wa ofisini. Nilipopandishwa cheo nilidhani nitasikilizwa, kumbe cheo chenyewe kilikuwa kunifanya mimi ndiye niwaambie wenzangu kwamba zinakuja.

Barua yako ya Mei niliipata nikiwa nimelazwa. Kifua. Nilikaa wiki mbili. Wifi yako aliisoma kwa sauti mbele ya wagonjwa wengine, na yule wa kitanda cha jirani akasema ndugu, dada yako nimemwogopa nikiwa hapa hapa. Daktari amesema nikirudi kwenye chumba kile asinione tena kwake, kwa kuwa hatakuwa na la kufanya. Sasa nimetoka, nahema vizuri. Nalala vizuri.

(Wifi, hapa ni mimi. Anadanganya. Halali. Anakaa kitandani anahesabu mabati.)

Kuhusu Karani nisamehe. Nilikuwa naiogopa hii dawa na bado nikaituma kwako. Nilijiambia kwa mtu anayeinyunyiza mara moja kwa mwaka haina neno. Mtu akikaa nayo kila siku akili inazoea kusema hivyo.

Sasa kuna hili. Mwezi ujao wanakuja wakaguzi. Tai alikuja mpaka nyumbani, mara ya kwanza maishani, akaketi kwenye kiti cha mbele. Akasema, "Wewe bado mgonjwa. Siku ya wageni pumzika nyumbani. Mshahara wako uko pale pale. Wakishaondoka nitakuweka stoo, kazi safi, hugusi kitu." Wenzangu wenye mikono mibaya atawapanga zamu nyingine. Nimemwambia nitafikiria. Dada, stoo si mbaya. Nina watoto. Nimechoka. Nadhani nitakaa nyumbani.

(Wifi, mimi nilisimama mlangoni nikamwambia hicho kiti ni changu. Akahamia kwenye ndoo. Mwandikie huyu ndugu yako, mimi hanisikii.)

Mdogo wako


8 Julai

Kitindamimba wangu, na wewe wifi mwenye kiti,

Nawasalimu wote. Barua hii nimeiandika mara moja bila kufuta, msamehe makosa.

Wifi, ahsante kwa kuongeza. Endelea kuongeza.

Mdogo wangu, kuhusu Karani yameisha, usiniombe tena. Umeniomba mara moja, imetosha.

Sasa sikiliza. Miezi yote hii nimekuwa nikipigana na nyasi na kujiona shujaa. Wewe ulikuwa unapigana na kitu chenye tai, peke yako, na ukinichekesha kwa barua. Nimelia, nikuambie ukweli, nikalowesha kola ya mteja. Kisha nikaosha uso na sasa nimekasirika, na hasira hii wala si yako.

Usikae nyumbani siku hiyo.

Sisemi hivi kwa kuwa mimi ni jasiri na niko mbali. Najua stoo ni nini kwa mtu mwenye watoto. Lakini fikiria alichokuja kununua huyo bwana, akaketi hadi kwenye ndoo kwa ajili yake. Kama mikono yako haina maana, kwa nini anataka isionekane? Anakupa stoo ili Bubu abaki na mifuko ya mkate. Na atakayekuja kushika nafasi yako atakuwa kijana wa nani? Atakuwa na kucha kumi siku ya kwanza.

Nenda. Vaa shati lile la bluu nililokushonea, mikono yake ikunje mpaka juu. Huna haja ya kutukana wala kupiga kelele, wewe si mtu wa kelele. Simama pale unaposimama siku zote, waache wakuone. Wakikufukuza, njoo nyumbani na familia yote. Chumba cha mama nimeshakifagia, kuta nimezipaka chokaa, vitanda Karani ameviunga upya. Hakuna atakayelala njaa nikiwa na cherehani.

Ukiogopa, ogopa ukiwa umesimama.

Dada yako


2 Agosti

Dada Mkubwa, shikamoo.

Naandika mwenyewe. Ona herufi zilivyo kubwa, kalamu nimeifunga kitambaa ili niishike. Nimekataa msaada, wifi yako amekaa pembeni anakosoa.

Nilikwenda.

Getini mlinzi akanizuia. "Wewe leo una ruhusa ya kupumzika."

Nikamwambia, "Nimeirudisha."

Akanitazama, akatazama mikono, akafungua geti akageukia upande mwingine kama anakohoa.

Chumba kilikuwa kama cha harusi. Dirisha limezibuliwa, sakafu imeoshwa, na kila mtu amevaa glovu mpya, bado zina mikunjo ya boksi. Boksi kwa boksi zilikuwa stoo, dada. Miaka miwili zilikuwa stoo. Wenye mikono mibaya walioambiwa waje zamu ya jioni nao walikuwepo, maana bila wao kazi ingesimama mbele ya wageni, ila Tai alikuwa amewavisha glovu ndefu mpaka kwenye viwiko. Nikasimama mahali pangu. Niliogopa, sikufichi. Niliweka viganja vyangu juu ya meza, vitupu, ili meza initulize.

Wageni wakaingia na Tai akiwaongoza, amevaa koti jeupe. Mkaguzi mkubwa ni mama mmoja mfupi mwenye miwani. Alipita, akarudi hatua moja.

"Wewe glovu zako ziko wapi?"

Tai akadakia, "Huyu yuko likizo, mama. Mgonjwa. Hata hatakiwi kuwa hapa."

Yule mama akasema, "Nimemuuliza yeye."

Nikasema, "Hizi za leo hazikuwepo jana, mama." Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Akavua miwani, akaiinamia mikono yangu. Tai akacheka kidogo, akasema huyu ana ugonjwa wake wa ngozi wa ukoo. Wa ukoo, dada! Ndipo nikasikia mlio kama wa puto kando yangu. Ni Bubu, anavua glovu. Alizivua taratibu, akaziweka mezani, akaweka mikono yake karibu na yangu. Kisha akasema, na hii ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia, "Basi na mimi ni wa ukoo huo." Wa tatu akavua. Wa nne akavua. Yule wa mwisho ni kijana mgeni kazini, mikono yake bado mizima, naye alivua akaweka.

Chumba kilifungwa siku hiyo hiyo. Kimefunguliwa juzi, kina feni kubwa ukutani, bomba la maji na sabuni, na glovu zinatolewa kila wiki kwa kusaini. Tai bado yupo, ila haingii mle bila kuvaa kama wafanyakazi, na nasikia tai yake inamsumbua ndani ya barakoa.

Mimi nimefukuzwa. Kosa langu ni kwamba nilikuja kazini nikiwa likizo. Wameandika hivyo hivyo.

Sasa, dada, nisamehe kwa hili. Chumba cha mama ni kizuri, nakijua. Lakini siji. Tumepeleka malalamiko ofisi ya kazi, mimi, Bubu na wengine wawili waliowahi kutolewa mle kabla yangu. Tunataka kiwanda kikiri kilichotufanya, kitutibu. Daktari amekubali kusema alichokiona. Kila Jumanne tunakwenda tunaketi kwenye benchi la korido, kila Jumanne mtu wa kiwanda anaomba shauri lisogezwe mbele. Juzi akapita karibu nasi akasema kwa upole kabisa, "Mtachoka wenyewe." Nikija huko, benchi litapungua mtu.

Daktari anasema kucha mbili hazitaota tena. Zilizobaki zinajitahidi. Kifua kimefunguka, na usiku nalala, safari hii muulize wifi yako.

Mdogo wako


15 Agosti

Kitindamimba,

Salamu kwa wote, na kwa Bubu pekee salamu mara mbili.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Pale uliposema "siji" nilikasirika, nisikufiche. Nimepaka chokaa chumba kizima, mgongo ukalala siku nzima, halafu bwana mkubwa haji. Niliitupa barua mezani. Nikaenda uani, nikachimba ndago mbili tatu kwa hasira. Zimebaki chache, zimekonda, zinatoka moja moja kama wadaiwa. Mchicha mpya umeshafika kwenye kifundo cha mguu. Nyanya nitaanza upya mvua zikija, na lile tuta la chumvi tumelimwagia maji na kulirundikia mbolea, siku moja litakubali.

Nikiwa pale chini nikafikiri: kama mtu angeniambia mimi niache nyumba yangu niende kupumzika kwake, ningemjibu nini? Nikaanza kucheka peke yangu. Karani akachungulia juu ya uzio akaniuliza kama naumwa.

Basi usije. Umekataa vizuri.

Lakini huyo bwana anayesema mtachoka, yeye hajawahi kushona nguo za harusi ambayo bibi harusi amebadili mawazo mara sita. Hajanijua. Kazi za wateja nimezimaliza, nyingine nimemkabidhi fundi wa barabara ya pili. Bustani itamwagiliwa na Karani, nimemwonyesha ndoo, nimemwonyesha maboksi, na nimemwapisha. Cherehani ile ndogo ya mkono nimeifunga kwenye shuka, maana kwenye korido ya ofisi mtu anaweza kutia vifungo huku anasubiri.

Lori linaondoka Jumapili alfajiri. Wifi anitandikie popote, hata jikoni. Kiti cha mbele sikigusi.

Jumanne mniachie nafasi kwenye benchi.

Dada yako mkubwa